Kuivunja timu ya NBA na kuijenga upya: mwongozo kamili wa kubadilisha wakongwe na mikataba kwa machaguo ya drafti

Katika NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, klabu inayoshinda mechi 36 kati ya 82, yenye wachezaji wawili waliovuka miaka 30 kwa mishahara minono na isiyo na kijana hata mmoja wa kutegemewa, iko pabaya kuliko klabu inayoburuta mkia. Inayoburuta mkia angalau itachagua mapema siku ya drafti, pale klabu zinapochagua wachezaji chipukizi kwa zamu. Ya katikati haina ubingwa wala chaguo la maana, na kila mwaka wakongwe wake wanazidi kuchoka huku mishahara yao ikipanda. Hapo ndipo meneja mkuu anapolazimika kuivunja timu: awatoe wakongwe pamoja na mikataba yao, apokee haki ya kuchagua vijana wa miaka ijayo.

Mwongozo huu ni wa shabiki anayetaka kujua kama klabu yake imeuza vizuri au imeibiwa, na wa yule anayeendesha timu kwenye michezo ya kompyuta au ligi za kubuni na wenzake. Hatua ni zilezile.

Kuna kanuni moja inayobeba kila kitu hapa chini. Ukipokea chaguo la klabu nyingine, umenunua matatizo yake ya baadaye. Machaguo matano ya klabu itakayodumu na afya yanaweza kukupa vijana watano wa kukaa benchi. Moja la klabu itakayoporomoka linaweza kukupa nyota. Usikimbilie kuhesabu machaguo. Mchunguze kwanza anayeyatoa.

Hatua ya 1: Hakikisha chaguo lako mwenyewe ni lako

Kabla ya kupiga simu yoyote, fungua orodha ya machaguo yako ya raundi ya kwanza kwa miaka saba ijayo, maana huo ndio umbali wa mwisho ambao sheria za NBA zinaruhusu kufanyia biashara. Kama ulishaligawa chaguo la mwaka huu au la mwakani, kuivunja timu sasa ni kumtajirisha mwingine.

Brooklyn Nets wanajua uchungu wake. Mwaka 2013 waliwachukua Kevin Garnett, Paul Pierce na Jason Terry kutoka Boston Celtics, wakatoa machaguo ya raundi ya kwanza ya 2014, 2016 na 2018 bila kinga yoyote (sharti la kulibakiza chaguo likiwa la juu), pamoja na haki ya kubadilishana nafasi mwaka 2017, yaani Boston wachukue chaguo la Nets badala ya lao wakitaka. Garnett alikuwa na miaka 37, Pierce 35. Msimu wa 2015-16 Nets walishinda mechi 21 tu, na chaguo lao likaenda Boston likiwa nafasi ya tatu: Jaylen Brown. Msimu uliofuata walishinda 20, wakawa wabovu kuliko wote, na Boston wakatumia haki yao: wao wakachukua nafasi ya kwanza, Nets wakapewa ya 27. Misimu miwili ya vipigo, na mavuno yote yakaingia ghala la jirani.

Somo hilo Nets hawakulisahau. Juni 2024, walipoamua kumuuza Mikal Bridges kwa New York Knicks, papo hapo walifanya biashara nyingine na Houston Rockets: wakatoa machaguo ya Phoenix waliyokuwa nayo ili kulirudisha chaguo lao la 2026 na kuiondoa haki ya Houston ya kubadilishana nafasi kwa lile la 2025. Mpangilio ndio huo. Unarudisha chako kwanza, au siku hiyohiyo, ndipo unauza.

Hatua ya 2: Wapange wachezaji kwa umri na kwa maandishi ya mikataba

Chukua kila mchezaji na jiulize: timu hii itakapokuwa tayari kugombea ubingwa, huyu atakuwa na miaka mingapi? Ujenzi huchukua miaka minne hadi sita. Mwenye miaka 22 leo utakutana naye huko. Mwenye 29 hutakutana naye, hata kama unampenda na jezi yake inauzwa kuliko zote. Huyo ndiye wa kuuzwa sasa, akiwa bado anang'ara.

Kisha soma mkataba wenyewe, maana bei ya mchezaji sokoni iko kwenye karatasi kama ilivyo kwenye mikono yake. Miaka iliyobaki ina uzito mkubwa. Utah Jazz walimuuza Rudy Gobert mwaka 2022 akiwa na miaka 30 na mkataba mrefu mbele yake, na Minnesota wakatoa kwa ajili yake wachezaji kadhaa, akiwemo Walker Kessler aliyekuwa ndiyo kwanza amechaguliwa, pamoja na machaguo manne ya raundi ya kwanza na haki ya kubadilishana nafasi mwaka 2026. Mnunuzi hulipa sana anapojua mchezaji hataondoka kesho kutwa. Ukisubiri hadi ibaki miezi minne ya mkataba, bei inashuka, kwa sababu unamkodisha tu.

Hata hivyo, mkataba unaokaribia kwisha una soko lake kwa klabu inayotaka msaada wa haraka. Sisi Watanzania tuna kumbukumbu ya karibu ya biashara ya namna hii. Februari 2011, Houston walimpa Memphis Grizzlies mkongwe wa ulinzi Shane Battier, ambaye mkataba wake ulikuwa unaisha msimu uleule. Wakapokea chaguo la raundi ya kwanza pamoja na Hasheem Thabeet wetu, aliyekuwa amechaguliwa wa pili kwa jumla mwaka 2009. Memphis wakaingia mchujo, hatua ya mtoano baada ya msimu wa kawaida, na kuwatoa San Antonio Spurs. Houston wakapata chaguo. Kila mmoja alitoka na alichokuwa anakihitaji.

Angalia pia vipengele vinavyokunyang'anya nguvu. Kibaya kuliko vyote ni kile kinachompa mchezaji haki ya kukataa kuhamishwa. Bradley Beal alikuwa nacho Washington, na alipopelekwa Phoenix mwaka 2023 klabu haikupata hata chaguo moja kamili la raundi ya kwanza la Phoenix. Iliambulia haki za kubadilishana nafasi na machaguo ya raundi ya pili. Mchezaji akishaamua peke yake anakwenda wapi, mnunuzi hana sababu ya kupanda dau. Kama wewe ndiye unayeandika mkataba, usikitoe kipengele hicho kwa mtu yeyote.

Hatua ya 3: Tafuta mnunuzi mwenye haraka

Hapa ndipo pesa ilipo, na hapa ndipo utumie muda wako mwingi.

Mnunuzi mzuri ni klabu yenye sababu ya kushinda mwaka huu na yenye dalili za kuchoka baadaye. Tazama umri wa nyota zake, afya yao, kama ina vijana wa kurithi, na kama mmiliki ametoa ahadi hadharani. Mikhail Prokhorov alipoinunua Nets aliahidi ubingwa ndani ya miaka mitano. Danny Ainge, aliyekuwa anaongoza Boston, alimuuzia mtu aliyefungwa na maneno yake mwenyewe. Ainge huyohuyo ndiye aliyekuwa Utah mwaka 2022 alipouzwa Gobert, na miezi miwili baadaye Donovan Mitchell akaenda Cleveland kwa machaguo matatu yasiyo na kinga na haki mbili za kubadilishana, juu ya wachezaji aliowapokea.

Mfano wa kuukariri ni wa Julai 2019. Los Angeles Clippers walikuwa wanambembeleza Kawhi Leonard, naye alitaka acheze na Paul George, aliyekuwa Oklahoma City Thunder. Sam Presti, meneja mkuu wa Thunder, alielewa kwamba Clippers walikuwa wananunua wachezaji wawili kwa mpigo: wakimkosa George, wanamkosa na Leonard. Akatoza bei ya wawili. Alipokea Shai Gilgeous-Alexander, kijana aliyekuwa amecheza msimu mmoja tu, Danilo Gallinari, machaguo matano ya raundi ya kwanza, na haki za kubadilishana nafasi mwaka 2023 na 2025.

Tazama miaka aliyoichagua. Mnunuzi akishampata nyota wako, mwaka wa kwanza na wa pili atakuwa na nguvu, na chaguo lake litaangukia nafasi za 20 na kuendelea. Omba ya mbali. Msimu wa 2021-22 Leonard hakucheza hata mechi moja kwa sababu ya jeraha la goti, Clippers wakakosa mchujo, na chaguo lao la 2022 likawa la 12. Thunder wakamchukua Jalen Williams. Hakuna aliyetabiri jeraha lile, lakini mtu yeyote aliyeusoma uzito wa dau la Clippers aliona kwamba hawakuwa na akiba ya kuwafaa siku mambo yakienda kombo.

Ukiwa na wanunuzi wawili, waache washindane. Ukiwa na mmoja, mwoneshe kwamba unaweza kusubiri hadi Februari, muda wa kuhamisha wachezaji unapofungwa.

Hatua ya 4: Soma chaguo kama unavyosoma hati ya kiwanja

"Chaguo la raundi ya kwanza" ni maneno ya vichwa vya habari. Thamani iko kwenye masharti.

Kinga ni sharti linalomruhusu mwenye chaguo kulibakiza likiangukia nafasi za juu. Desemba 2020 Thunder walipokea kutoka Philadelphia chaguo la 2025 lenye kinga ya nafasi sita za kwanza. Wakati ule Philadelphia walikuwa klabu ya mchujo, na sharti hilo lilionekana dogo. Msimu wa 2024-25 majeruhi waliwamaliza, wakashinda mechi 24, chaguo likaangukia nafasi ya tatu, likabaki kwao. Kwa hiyo ile kanuni ya kununua matatizo ya mwenzako ina kikomo chake hapa: kinga inakukata mkono pale hasa matatizo yanapokuwa makubwa. Pigania kinga ndogo kabisa. Afadhali machaguo mawili yasiyo na kinga kuliko matatu yenye kinga ya nafasi kumi.

Kinga ndogo inaweza kulipa vizuri. Februari 2020 Minnesota walimtaka D'Angelo Russell, wakawapa Golden State Warriors Andrew Wiggins na chaguo la 2021 lenye kinga ya nafasi tatu tu. Likaangukia la saba, na Warriors wakamchukua Jonathan Kuminga, kijana wa Goma. Wiggins akawa nguzo ya ubingwa wa 2022.

Jihadhari pia na jinsi kinga inavyobadilisha tabia ya anayekudai au unayemdai. Aprili 2023 Dallas Mavericks walikuwa wanadaiwa na New York chaguo lenye kinga ya nafasi kumi. Msimu ukielekea ukingoni wakapumzisha wachezaji wao muhimu, wakapoteza, wakabaki na chaguo la kumi. Ligi ikawatoza faini ya dola 750,000. Chaguo walibaki nalo.

Haki ya kubadilishana nafasi watu huidharau, nami naona ndiyo bidhaa inayouzwa kwa bei ya chini kuliko zote. Inakupa ruhusa ya kuchukua chaguo lililo bora kati ya lako na la mwenzako. Ukiwa mbovu haikusaidii kitu. Ukiwa umeshainuka na mwenzako ameanguka, inageuka dhahabu, kama ilivyokuwa kwa Boston mwaka 2017 walipoongoza ukanda wa Mashariki na bado wakachukua nafasi ya kwanza. Waliibadilisha na Philadelphia kwa nafasi ya tatu na chaguo jingine juu yake, wakamchagua Jayson Tatum. Kwa hiyo haki hizi ziombe kwa miaka ambayo unatarajia kuwa umepona.

Haki hizi pia ni njia ya kuikwepa sheria inayoitwa kwa jina la Ted Stepien, mmiliki wa Cleveland wa mwanzoni mwa miaka ya 1980 aliyegawa machaguo hadi ligi ikaingilia kati. Sheria hiyo inaizuia klabu kubaki bila chaguo la raundi ya kwanza kwa miaka miwili ijayo mfululizo. Ndiyo maana unaona biashara za 2025, 2027 na 2029, na katikati yake haki za kubadilishana za 2026 na 2028. Mnunuzi akikwambia "sina tena cha kukupa", hesabu ile miaka ya katikati.

Hatua ya 5: Igeuze mikataba mibaya kuwa mali

Klabu iliyokwisha kuuza nyota wake ina kitu ambacho klabu kubwa hazina: nafasi chini ya ukomo wa mishahara, yaani kiwango ambacho ligi imekiweka kwa jumla ya mishahara ya klabu. Klabu iliyovuka ukomo hailetewi mchezaji bila kutoa mishahara inayokaribiana. Wewe unaweza kumpokea mtu bila kutoa karibu chochote, na kazi hiyo inalipwa kwa machaguo. Sheria za ligi pia zinadai klabu itumie angalau asilimia 90 ya ukomo, hivyo fedha hizo utazitoa tu. Zitoe kwa mtu anayekuja na chaguo mkononi.

Julai 2019 Golden State walihitaji kumwondoa Andre Iguodala kwenye vitabu vyao. Memphis wakampokea pamoja na chaguo la raundi ya kwanza la 2024. Hakuwahi kuwachezea hata mechi moja. Februari 2020 wakampeleka Miami na kumpata Justise Winslow. Mkataba mmoja ulilipwa mara mbili.

Thunder waliifanya sanaa hii kwa ustadi wa kipekee. Chris Paul alikuja kutoka Houston mwaka 2019 katika biashara ya Russell Westbrook, akiwa na mkataba ambao wengi waliuita mzigo usiobebeka, pamoja na machaguo juu yake. Wakamwacha acheze. Akaifikisha timu mchujo, thamani yake ikarudi, na Novemba 2020 akauzwa Phoenix kwa chaguo jingine. Mwezi uliofuata ndipo Philadelphia walipowapa Al Horford na lile chaguo la 2025 ili waondokane na mshahara wake. Alicheza mechi 28, akapumzishwa, na kiangazi cha 2021 akaenda Boston kwa Kemba Walker na chaguo la 16. Chaguo hilo la 16 wakalibadilisha na Houston kwa machaguo mawili ya baadaye.

Siri yake ni heshima. Mkongwe anayefika kwenye timu mbovu anajua kwa nini ameletwa. Mweleze wazi mpango wako, mpe dakika au mpe mapumziko kadiri mnavyokubaliana, na ongea na wakala wake mapema kuhusu wapi angependa kwenda. Mchezaji aliyekunja uso hauziki.

Hatua ya 6: Fuata kalenda

Fupi tu. Siku chache kabla ya drafti ya Juni ndipo klabu zinapolewa na matumaini ya vijana. Julai ndipo wanaotafuta nyota wanapokuwa na haraka, na wanaohitaji nafasi ya mishahara wanapolipa ili kuipata. Wachezaji wengi waliosaini kiangazi hawawezi kuhamishwa kabla ya tarehe 15 Desemba, kwa hiyo soko hufunguka kweli baada ya hapo. Mlango unafungwa Februari. Mkongwe wa benchi anayefunga mitupo ya mbali atapata bei yake nzuri wiki hiyo ya mwisho, mara nyingi machaguo ya raundi ya pili. Usiyadharau: Nikola Jokić alichaguliwa wa 41 mwaka 2014.

Hatua ya 7: Poteza bila kuitegemea bahati nasibu

Nafasi za juu za drafti hupangwa kwa bahati nasibu kati ya klabu zilizokosa mchujo. Kwa utaratibu ulioanza 2019, klabu tatu za mwisho zina nafasi sawa ya asilimia 14 kila moja ya kupata chaguo la kwanza, na ile mbovu kuliko zote inaweza kushuka hadi la tano. Utah walishinda mechi 17 msimu wa 2024-25, hakuna aliyekuwa chini yao, wakaangukia la tano. Mwaka huohuo Dallas walikuwa na asilimia 1.8 tu, wakachukua la kwanza na Cooper Flagg.

Kwa hiyo kuwa wa mwisho kabisa hakuna faida kubwa kuliko kuwa wa tatu kutoka mwisho, na sioni sababu ya kuwadhalilisha vijana wako kwa ajili ya tofauti hiyo. Kosa baya zaidi ni kuuza nusu. Utah waliuza nyota wawili mwaka 2022, lakini wakongwe waliobaki walishinda mechi kumi kati ya 13 za mwanzo. Iliwabidi wauze tena Februari, na bado wakamaliza na ushindi 37. Ukiamua, uza wote wanaokushindia mechi usizozihitaji, mbakize mmoja au wawili wa kuwafundisha vijana kula vizuri, kulala mapema na kusoma video za wapinzani.

Na kumbuka kwamba nafasi ya juu ni haki ya kuchagua tu. Mwaka ule aliochaguliwa Thabeet wa pili, Stephen Curry alikuwa bado mezani hadi nafasi ya saba. Ukiwa na machaguo kumi, imarisha wasaka vipaji wako kabla ya kutafuta la kumi na moja.

Hatua ya 8: Jua wakati wa kuacha kukusanya

Kikosi kina nafasi 15 za mikataba ya kawaida. Machaguo 20 hayawezi kuwa vijana 20. Yaliyobaki ni sarafu, na sarafu inatumika pale kijana wako mmoja anapoanza kushinda mechi kwa mikono yake. Thunder walishinda 22 kati ya 72 msimu wa 2020-21, kisha 24, kisha 40, kisha 57. Hapo, kiangazi cha 2024, walimtoa Josh Giddey, waliyemchagua wa sita, wakamchukua Alex Caruso ambaye ni mlinzi aliyekomaa, na kwa nafasi ya mishahara waliyokuwa nayo wakamsainisha Isaiah Hartenstein. Msimu wa 2024-25 wakashinda 68 na kutwaa ubingwa kwa kuwafunga Indiana Pacers katika mechi saba.

Hesabu hiyo ina tarehe ya mwisho. Mkataba wa aliyechaguliwa raundi ya kwanza una miaka miwili ya uhakika na miwili ambayo klabu ndiyo inaamua, na baada ya msimu wa tatu anaruhusiwa kusaini nyongeza. Julai 2025 Thunder waliwasainisha Gilgeous-Alexander, Chet Holmgren na Jalen Williams ndani ya mwezi mmoja, kwa mikataba itakayoanza kuumiza vitabu kuanzia 2026-27. Kwa hiyo andika mwaka ambao mishahara ya vijana wako itapanda kwa pamoja, rudi nyuma misimu miwili, na hiyo ndiyo miaka ya kuwanunua wakongwe kwa machaguo uliyoyakusanya.